Zamu ya VX

3 Novemba 1997, Makambako

Halfan anataka gari la kifahari, na kama kawaida yake amelianza jambo kwa kusema kwamba ni kwa ajili yetu. Sisi ni wake zake wawili, mimi Rukaya hapa Makambako na Salha kule Njombe. Anasema miaka yote tumepanda malori yake, tumekaa juu ya magunia ya viazi, sasa Mungu amemfungulia na sisi tufunguke. Atanunua Land Cruiser mbili, moja kwa kila nyumba, maana dini haitaki mke mmoja apande gari na mwenzake apande kwa macho.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mimi nauza spea mkabala na stesheni ya reli tangu enzi zile tairi moja lilipohitaji kibali cha ofisa biashara, na leo spea zinamiminika kutoka Dubai kama njugu. Hakuna mwanamume katika mji huu anayenizidi kwa magari, na wengi wanalikubali hilo bila kulazimishwa. Kwa hiyo aliponiuliza "VX au GX?" nilijua kwamba safari hii anataka jibu kweli.

5 Novemba

Upepo tu kutwa nzima. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

8 Novemba

Asiyejua akiyaona kwa mbali atasema ni gari moja. Bodi ni ile ile, taa ni zile zile. Tofauti iko ndani na chini. VX ina viti vya ngozi, vioo vya kubonyeza, kidirisha juu ya paa, injini yenye turbo, na magurudumu yote manne yanavuta wakati wote bila dereva kujisumbua. GX ina viti vya kitambaa na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Ukifika kwenye tope sharti ushuke, ufunge loki mbili zilizo katikati ya magurudumu ya mbele, huku moja na huku moja, ndipo urudi ndani uvute kigia kifupi cha foo-wili. Usipozifunga, vuta kigia mpaka king'oke, magurudumu ya mbele hayakusaidii kitu.

Nilimshauri achukue GX mbili. Ni ngumu, spea zake ninazo dukani, na fundi yeyote wa Makambako anaifungua akiwa amefumba macho. Halfan akasema GX ni gari la mradi, la watu wanaochimba visima vijijini. Akaniuliza nimemwona lini akichimba kisima.

Basi VX mbili, nikasema, lakini zifanane. Alipotaka kumwoa Salha nilimpa sharti hilo moja tu, nisije kusikia kwa watu kwamba anatutofautisha. Akaapa leo kama alivyoapa siku ile.

Salha sina ubaya naye. Ni binti wa Kibena wa kijiji cha Kichiwa, aliitwa Oktavia kabla ya kusilimu. Wazazi wake, mzee Linus na mama Vestina, ni Wakatoliki wa kushika dini, na siku ya ndoa hawakulia wala hawakupiga vigelegele. Ila ni mtu wa polepole mno. Ukimwuliza jambo leo, jibu lake linafika na lori la kesho.

14 Novemba, Ijumaa

Halfan kaondoka baada ya sala kwenda Dar es Salaam. Amevaa kanzu mpya. Gari hajaliona lakini tayari anatembea kama mtu anayeshuka ndani yake.

22 Novemba, Jumamosi

Yamefika. Mawili, rangi ya damu ya mzee, yote yana herufi za VX mgongoni. Mbuzi kachinjwa, dua imesomwa, na wenye malori wote wa mji wamekuja kushika bodi kwa mikono yenye mafuta ya pilau. Salha amekuja na basi kutoka Njombe, kavaa sweta juu ya baibui.

Niliyazunguka mara moja tu. La kulia lilikuwa VX. La kushoto lilikuwa na loki katikati ya magurudumu ya mbele, mikono ya kuzungushia vioo, na gundi mbichi pembeni ya zile herufi. Mtu alibandika VX kwenye mgongo wa GX, na mume wangu alikuwepo zikibandikwa.

Halfan akasema kwa sauti ili watu wasikie, "Rukaya, wewe ndiye mkubwa. Chagua kwanza." Huku jicho lake likienda kulia na kurudi, kulia na kurudi. Nikajua kwamba anajua, naye akajua kwamba najua.

Nilichagua la kulia.

Hapa sina wa kumficha, kwa hiyo niseme tu kwamba nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Tangu Salha aingie nimekuwa nikijiuliza nimebaki nani katika nyumba hii niliyoijenga na Halfan kuanzia lori bovu moja, na leo nilijibiwa mbele ya mji mzima. Aliniweka mbele. Alimwibia mwenzangu ili aniweke mbele, na mimi nikapokea.

Salha alichungulia gari lake, akagusa kiti, kisha akaja akachungulia langu. Halfan akamwahi kwa maneno. Eti ngozi hushika baridi, na kwa baridi ya Njombe ameona amwekee vya kitambaa. Salha akasema asante mzee, akanigeukia akasema hongera dada. Nikajiambia hajaelewa.

23 Novemba

Mwenye mabasi mmoja amenisimamisha kunisalimia. Zamani alikuwa ananipungia mkono tu.

29 Novemba

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala, Alhamdulillahi.

6 Desemba

Halfan kaniomba nimfundishe Salha kuendesha. Sikukataa. Afadhali mke mwenza anayejua breki iko wapi.

Nimeenda Njombe, tukatumia ile barabara ya kuelekea misheni. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wanatokea mbele yako kama wametumwa. Salha hakulizimisha gari hata mara moja. Ni mpole na gia, anazibembeleza. Nilitegemea kuchoka naye, sikuchoka.

Alipolizoea akaniuliza, "Na hiki kigia kifupi, dada?"

Nikamjibu ni cha tope, barabara ikiharibika akivute. Nikaishia hapo. Kumweleza loki ni kumwambia kwamba gari lake silo lile lililoandikwa mgongoni, na akishajua hilo atauliza nani mwingine alijua. Tena kutoka Njombe hadi Makambako ni lami tupu, loki za nini? Akasema haya dada, tukaendelea na kurudi nyuma.

13 Desemba

Halfan kaenda na gari.

15 Desemba

Mvua. Halfan kaenda na gari.

20 Desemba

Redio inasema ni Elinino, mvua ambayo haijaonekana kwa miaka mingi. Wateja wanasema Elinino kana kwamba ni mtu, kaja, kapita, kavunja daraja. Mimi nauza raba za waipa, sina ugomvi naye.

Halfan yuko zamu ya Njombe wiki hii. Kaenda na gari. Nimemwuliza gari lipi, kwa sababu la Njombe liko Njombe. Akasema hili limezoea mkono wake. Nimeenda dukani kwa miguu, mwavuli ukageuka nje ndani kwa upepo.

31 Desemba

Mwezi umeandama. Ramadhani karim.

10 Januari 1998

Kheri, dereva wa lori letu la Njombe, ameleta kapu kutoka kwa Salha. Viazi vya kufuturia, maharage, na juu yake kitambaa kipana alichofuma mwenyewe kwa sufu ya kijani. Kheri anasema ni cha kutandika kwenye kiti cha gari, kwa kuwa ngozi ina baridi, asije dada akaugua kiuno.

Nimekigeuza mara kadhaa. Ama Salha ana moyo mzuri kuliko nilivyodhani, ama ananicheka kwa sindano na uzi. Nimekitandika. Kina joto kweli.

17 Januari

Halfan kaenda na gari. Kitambaa amekitupa kiti cha nyuma, eti kinafanya gari lionekane la bibi harusi.

30 Januari, Idi

Halfan ameegesha VX mlangoni mwa msikiti hata watu wakaingia kwa ubavu. Mimi na mashoga tumeenda kwa miguu. Njiani mmoja kaniuliza gari lako je? Nikasema linaswali.

Walicheka, nikacheka nao. Lakini jioni nimekaa nikawaza. Funguo za gari langu zinalala mfukoni mwake. Tangu Novemba nimelipanda mara chache, na nyingi kati ya hizo nilikuwa kiti cha abiria.

14 Februari

Leo nimewahi funguo kabla hajaamka, nikampitia Salha njia panda ya Kichiwa, tukaenda kuwasalimu wazazi wake. Barabara ya kuingia kijijini ilikuwa inateleza, lakini VX ilipita inaguna tu.

Mzee Linus alitulaki na "kamwene", tukaitikia kamwene. Ni msimu wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, na mianzi yake yote imewekewa vyombo vya kukinga. Kanionyesha kimoja kimejaa akanitania kwamba huu wa asubuhi haujakolea, hata sheikh angepewa. Nikamwambia asimponze sheikh, mdomo wake unanuswa msikitini. Mama Vestina kanichomea mahindi mabichi. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu na macho yasiyopepesa. Tulipobaki wawili jikoni akasema kwamba mwanzoni aliiogopa ndoa hii, lakini mwanawe humpa moyo. "Oktavia ananiambia mumewe ana maneno mengi, lakini dada Rukaya akisema kitu, ni hicho."

Nimeliweka hindi chini. Nimeomba maji.

21 Februari

Salha sasa anaendesha mwenyewe mpaka sokoni Njombe. Nimewaza nimwambie. Kesho nitamwambia.

22 Februari

Sikumwambia.

7 Machi, Jumamosi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali ya misheni, nguo zangu zimekauka zikiwa na tope. Niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi Kheri amesimamisha lori mbele ya duka bila kuzima injini. Mama Vestina ameteleza kwenye mteremko nyuma ya nyumba akiwa na kikapu cha mbegu za viazi, amevunjika paja. Salha amepata habari akiwa Njombe, ametoka na gari lake kwenda kumchukua, amepishana na Kheri njia panda. Kheri akasema barabara ya Kichiwa imekuwa uji, na yeye na lori lake asingethubutu.

Nilirudi nyumbani mbio. Halfan alikuwa anavaa, ana kikao cha wenye malori Mafinga. Nikamwambia naomba funguo, naenda Kichiwa. Akasema nitalichafua gari na yeye anasubiriwa. Nikamweleza habari ya paja, habari ya uji. Akafunga kifungo cha shati, akaniangalia usoni, akasema, "Salha naye ana VX. Litapanda tu."

Aliniambia mimi maneno hayo. Mimi ambaye jicho lake lilinionyesha la kulia. Sijui kama alikuwa amesahau, au uongo ukikaa sana ndani ya nyumba huwa unapewa kiti kama mwanafamilia. Nilitoa funguo kwenye koti lake lililokuwa limetundikwa na nikatoka. Aliita jina langu mpaka getini.

Nimeendesha kwa mwendo ambao nawakanya madereva wetu. Nilipoacha lami, tope lilianza papo hapo. Chini ya kijiji kuna kijito, na ukitoka kijijini, ukishavuka kijito, kuna kilima kifupi cha udongo mwekundu cha kupandia kurudi lami. Hapo ndipo nilipoliona gari la Salha, pua juu, mkia chini, magurudumu ya nyuma yamejichimbia hadi ekseli. Wanaume wa kijiji walikuwa wanasukuma. Mzee Linus alikuwa ameingiza mwavuli dirishani, kamfunika mkewe ingawa paa lilikuwepo. Mama Vestina alilazwa nyuma juu ya blanketi, uso umekuwa wa majivu. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Alikuwa akizimia na kuzinduka.

Salha alikuwa kwenye usukani, miguu mitupu. Kigia kifupi alikuwa amekivuta sawasawa kama nilivyomfundisha. Alikuwa akikanyaga mafuta na kuachia, kanyaga na kuachia, na machozi yanashuka bila sauti.

Nilishuka, viatu vikabaki kwenye tope, nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Nikafuta udongo kwa ushungi wangu, nikageuza loki. Nikazunguka, nikageuza ya kulia. Nikamwambia sasa jaribu, taratibu. Magurudumu ya mbele yakauma ardhi, gari likatetemeka, likapanda kilima na kusimama juu kama halijawahi kukwama. Wanaume walishangilia. Mimi nilibaki nimepiga magoti.

Alifunga breki ya mkono akashuka akanifuata huku chini, mvua inampiga.

"Hivyo ulivyogeuza ni nini?"

"Ni loki. Bila hizo ya mbele hayavuti."

"Lako linazo?"

"Halina. Lako ni GX, Salha."

Nilitaka jibu lake lije na lori la kesho kama kawaida, lakini halikuchelewa.

"Viti nilijua siku ile ile," akasema. "Kitambaa na ngozi mtu haambiwi na herufi. Nilinyamaza, nikasema wewe ndiye mkubwa, kula kwanza. Lakini hizi ungeniambia, dada. Ulikaa pembeni yangu nikakuuliza."

Kisha akarudi kwa mama yake. Nilifuata nyuma mpaka hospitali, naangalia zile herufi za VX mgongoni kwa gari lake, njia nzima.

8 Machi

Mama Vestina yu hai. Mguu umewekwa kwenye kamba na mawe ya kuvuta. Daktari anasema mfupa utaunga, ila amepoteza nguvu nyingi na wangechelewa zaidi asingesema hivyo. Nililia chooni. Nilikuwa na hasira, na nilipomtafuta wa kumkasirikia niliyemkuta wa kwanza alikuwa mimi.

9 Machi

Sikufungua duka.

14 Machi

Nimeenda wodini na uji. Salha alikuwa anamchana mama yake nywele. Nimemwomba radhi mbele ya mama, kwa sababu kosa lilimfikia yeye. Nimeeleza kila kitu, gundi mbichi, jicho la Halfan, na furaha yangu. Furaha ndiyo iliyokuwa ngumu kuisema. Mama Vestina alisikiliza, akasema kwa Kibena maneno ambayo Salha hakunitafsiria, kisha akaomba uji.

Nje ya wodi nimempa Salha funguo za VX, nikamwambia ni lako kuanzia leo. Akanirudishia mkononi, akanifunga vidole.

"Nikilichukua, dada, wewe ndiye utakayekuwa mimi."

Nikamwuliza sasa tufanyeje. Akasema atafikiri.

16 Machi

Zamani ningesema mtu wa polepole. Miezi yote ile alijua, akanifumia kitambaa nisipate baridi kwenye kiti alichonyimwa. Mimi mwenye kujua magari yote nilishindwa kumjua mtu aliyekaa kiti cha pili.

18 Machi

Jibu la Salha limefika, na kweli limefika na lori. Kheri amelitoa kama alivyotumwa, bila kuelewa anachosema: "Mwambie dada, mume tunagawana kwa zamu, gari lina nini? Ila gari zuri likae kwa yule ambaye wiki hiyo hana mzee."

Nimecheka mpaka Kheri kaniuliza kama habari ni mbaya.

28 Machi, Njombe

Tumemkalisha Halfan sebuleni kwa Salha, sisi wawili upande mmoja. Nadhani hilo peke yake lilimshtua. Alijitetea kwamba Dar alikuta VX moja, ya pili ilikuwa imeshauzwa, akaona aibu kurudi na magari mawili tofauti baada ya kiapo. Nimekubali, aibu naifahamu. Nikamwuliza, basi kwa nini jicho likaniambia kulia? Akasema Makambako ndiko wenye biashara walipo, na heshima ya Makambako ni heshima yetu sote.

Salha, ambaye sijawahi kumsikia akimkatiza, akamkatiza. "Mzee, mama yangu amelala kwenye tope ndani ya heshima hiyo."

Halfan aliinamisha kichwa. Nilimhurumia, nisiseme uongo. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kutazamwa, na alidhani mapenzi hayo tunaweza kuyalipia sisi.

Tulimweleza utaratibu. Yeye ataendelea na zamu zake, wiki kwa wiki, na GX itamfuata yeye. VX itakaa nyumba nyingine, funguo kwa mwenye nyumba. Kila Jumamosi tunakutana njia panda ya Kichiwa tunabadilishana. Alicheka kwanza, akasema wanawake bwana. Kisha nikamwona anapiga hesabu polepole, wiki ya huku, wiki ya kule, na kicheko kikaanza kupungua kwenye masharubu. Akauliza, "Sasa mimi nitaipanda lini?"

Salha alikwenda kuleta chai.

Kabla ya kuondoka nilichukua bisibisi nikazing'oa zile herufi kwenye GX. Zilitoka kirahisi.

7 Aprili, Idi

Mume wangu amekwenda msikitini na GX. Mwenye mabasi akamwuliza amelipeleka wapi lile jingine. Halfan akajibu liko kwa mkewe. Aliponihadithia alikuwa amenuna, lakini naona watu wamemsifu kwa jibu hilo, maana alilirudia mara mbili chakulani.

11 Aprili

Wiki ya VX imeanza. Nimetandika kitambaa cha kijani, nikafungua kidirisha cha juu ya paa, nikazunguka mji bila kwenda popote.

18 Aprili, Jumamosi

Mvua zimepungua, na mahindi ya Kichiwa yameanza kukauka. Nimefika njia panda na VX kabla yao. Nimeiosha mwenyewe, na tangi nimelijaza, kwa sababu Salha alinikabidhi likiwa limejaa. Mama Vestina alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya lami na mkongojo wake, mzee Linus pembeni. Ameruhusiwa wiki iliyopita, na leo Salha anampeleka Njombe akakae naye mpaka mguu ukomae.

GX ilikuja, Halfan anaendesha, Salha pembeni. Walipofika kwenye vumbi la kando alishuka kwanza Salha, akainama gurudumu la mbele huku na huku akakagua loki zimefunguliwa, kwani kwenye lami hazifungwi, kama nilivyomfundisha mwezi uliopita, kwa ukamilifu safari hii. Tumekumbatiana. Tukamwinua mama Vestina tukamkalisha kiti cha mbele cha VX, juu ya kitambaa cha kijani. Aliipapasa ngozi ya mlango, akasema maisha yake yote amesafiri na magunia, hakujua kumbe gari linaweza kukubeba kama mtu anayekujua.

Halfan alikuja dirishani. Aliulizia mguu, akamtakia heri, kisha akaingiza mkono akagusa dashibodi kwa vidole viwili. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu wala si kwa Salha, kwamba angeweza kulipeleka hadi pale kwenye kona tu, arudi kwa miguu.

Salha alinitazama. Nilimtazama mama Vestina, na yeye alikuwa ameshafunga mkanda.

"Zamu ni zamu, baba," mama Vestina akasema, na akabonyeza kioo kikapanda.

Waliondoka wakielekea Njombe. Mume wangu alisimama akilitazama gari mpaka likapotea kwenye mianzi. Nikamfungulia mlango wa GX, upande wa abiria, nikakaa kwenye usukani.